Msonobari Uliofungwa

Usiku ule Mabruka alifungua kila kitu kilichofungika.

Alianza na sanduku la nguo: akageuza ufunguo, akainua kifuniko, akakiacha wazi. Akafunua sufuria. Akachomoa kizibo cha chupa ya siki. Akavuta viatu vya mumewe kutoka uvunguni akalegeza kamba zake, kisha akaketi kitandani akafumua misuko yake mwenyewe, nywele zikamwangukia mabegani zikiwa na mvi nyingi kuliko alizokuwa akijihesabia. Kwenye pembe ya leso kulikuwa na fundo la senti za basi. Akalifungua, senti akazimwaga mezani. Mlango aliuacha wazi, na baridi ya mwezi wa saba ya Kitisuru, nje kidogo ya Nairobi, ikaingia, ikaketi naye kama mgeni asiyejua kuaga.

Ndivyo alivyofundwa. Kwao Mombasa, mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, nyumba ya jamaa zake haiachwi na fundo wala kufuli, kwani kilichofungwa ndani ya nyumba humfungia njia anayekuja. Bibi yake Mabruka aliwahi kufumua mkeka mzima ambao alikuwa ameushona nusu, kwa sababu hakuwa na hakika kama mshono wa mkeka ni fundo au si fundo. Aliona heri kupoteza mkeka.

Anayengojewa sasa alikuwa mtoto wa Waridi, na Waridi alikuwa binti wa pekee wa Mabruka. Umri wake miaka ishirini, mimba yake ya kwanza. Mumewe, Taib, karani wa duka la vitambaa Biashara Street ya hapa Nairobi, alikuwa ametumwa Mombasa kutoa shehena bandarini, na simu ya kumpata huko haikujulikana. Basi Waridi alikuwa amekuja kwa mamake kujifungua, kama ada inavyotaka, ingawa kwa mamake palikuwa chumba na jiko tu, nyuma ya nyumba kubwa ya Mzungu, kwenye kwota ya wafanyakazi. Uchungu ulimshika alfajiri. Kufikia magharibi ulikuwa bado unamzungusha bila kumpeleka popote.

Mabruka na mumewe, Shee, walimpeleka hospitali mjini kwa teksi iliyoitwa kutoka Westlands. Nesi alimpokea Waridi, akamwingiza, akafunga mlango. Jamaa hawaruhusiwi, alisema. Wakabaki wawili wakiutazama ule mlango wa kijani.

"Mama Waridi," Shee akasema, "wewe rudi na teksi hii hii. Wameandika namba ya simu ya nyumba kubwa. Mmoja wetu akae na simu, mmoja akae na mlango."

Akachagua mlango yeye. Mabruka hakujua alikubali vipi. Alijikuta tu ndani ya teksi, taa za mji zikirudi nyuma, na miguuni mwake kapu la nguo za mtoto ambalo alikuwa amesahau kulishusha.

Sasa ilikuwa saa nne usiku, na simu haijalia.

Aliyekuwa na simu hasa ni Virginia Wanjugu, mpishi wa nyumba kubwa, mwenyeji wa Riruta. Memsabu Hallam, mwenye nyumba, alikuwa amekwenda kwa rafiki zake Naivasha, na kila asafiripo Virginia hulala ndani akishika funguo. Aliposhuka kwenye kwota na kurunzi mkononi, Mabruka alisimama hata kabla hajapiga hodi.

"Imelia?"

"Ingelia ningekuja hivi pole pole? Ningekuja mbio bila kiatu." Virginia akaangaza kurunzi chumbani: sanduku wazi, sufuria wazi, nguo, viatu, senti. "Haiya! Mama Waridi, umeibiwa?"

"Nimefungua."

"Umefungua nini?"

Mabruka akamweleza. Virginia alikuwa mama wa Kanisa, wa kitambaa cheupe na kitabu cha nyimbo, na Mabruka alitazamia kuchekwa. Lakini Virginia alisikiliza mpaka mwisho, akapeleka mikono nyuma ya kiuno chake.

"Sisi tunaombaga tu," alisema. "Lakini wacha na mimi nifungue hii eproni, isisemekane kesho ni Virginia alikuwa amefunga mtoto ya wenyewe."

Hapo Mabruka akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. Virginia naye akacheka, akaketi, akamimina chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda mzaha, akaongeza:

"Umefungua kila kitu. Imebaki tu ile mti ya mzee. Hiyo ndiyo imefungwa kabisa, kama mahabusu."

Virginia akaendelea kucheka peke yake.

*

Mti wenyewe ulikuwa msonobari. Ukiuona msituni, msonobari ni mti wa kuinua shingo kuutazama. Huu wa Shee haukufika goti. Ulikaa kwenye sinia la udongo lenye kina cha vidole vinne, juu ya meza ya mbao iliyo baina ya kwota na jikoni la nyumba kubwa, na ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, gome limepasuka kama kisigino cha mzee. Mgeni aliyeuona kwa mbali angedhani ni mti mkubwa ulio mbali zaidi kuliko alivyofikiri, na akisogea ndipo akili yake inapovurugika.

Shee alikuwa mtoto wa mchonga milango wa Lamu. Alikuja Nairobi mwaka wa hamsini na tisa kuchonga makabati na masanduku kwenye karakana moja karibu na River Road. Uhuru ulipokaribia, mwenye karakana akafunga akarudi kwao, na Shee akabaki na patasi zake mkobani, akibisha kwenye mageti ya Wazungu. Memsabu Hallam akamwajiri kumwagilia maua. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamekaa Japani miaka mingi, na huko alijifunza kulea miti kwenye vyombo. Alipoona mikono ya Shee, akamwondoa kwenye maua, akampa mche mmoja wa msonobari uliotoka kwenye kitalu cha miti, akasema huu ni wetu wawili.

Mwanzo wa kazi ile ulikuwa kichekesho ambacho Virginia hakuchoka kukisimulia. Memsabu, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, alimwambia, "Shee, leo vunja mishumaa yote." Shee alishangaa, lakini kazi ni kazi. Alikwenda stoo, akatoa pakiti mbili za mishumaa ya kuwasha, akavunja mmoja mmoja vipande viwili, akaipanga vizuri kwenye gazeti na kumwita Memsabu aje kukagua. Kumbe mishumaa ni yale machipukizi ya msonobari, ambayo mvua ikinyesha husimama wima, meupe-meupe, kama mishumaa kweli. Hiyo ndiyo huvunjwa kwa vidole, ibaki theluthi tu, ili majani yawe mafupi na tawi ligawanyike badala ya kukimbia mbele.

Kitabu cha Memsabu kilisema kazi hiyo ifanywe mwezi wa sita. Mwaka wa kwanza Shee alitii kitabu, akapoteza matawi mawili, kwa kuwa mwezi wa sita Kitisuru ni mawingu na baridi na mti umelala. Mwaka wa pili aliweka kitabu kando akafuata mvua. Tangu hapo Memsabu alimwachia.

"Ubao ukiukosea unanyamaza," Shee alipenda kusema. "Mti huu ukiukosea, unakujibu baada ya miaka miwili."

Mabruka alipokuja kukaa naye, mwaka wa sitini na sita, alimkuta mumewe amekwisha kuwa mtu wa mti. Alimkuta akichoma waya wa shaba kwenye makaa ulainike, kisha akiuzungusha kwenye tawi, duru baada ya duru, kama mtu anayefunga jeraha. Akimaliza hulishika tawi kwa mikono miwili na kulikunja chini, taratibu, akiweka sikio karibu asikie kama linalia.

"Amekukosea nini huyu?" Mabruka aliuliza siku ile.

"Nani?"

"Huyu unayemfunga."

Shee alicheka. Akamweleza kwamba waya hukaa miezi sita au zaidi, mpaka tawi lizoee mahali pake jipya. Tawi la chini kabisa, ambalo Shee aliliita mkono wa kukaribisha, lilikuwa ndiyo roho ya mti. Siku likikaa sawa, alisema, mti mzima utasimama juu yake. Mabruka alielewa maneno yote, asielewe jambo. Kwao, kitu kidogo kikifungwa kwa waya na kuwekwa nyuma ya nyumba, watu hawaulizi ni cha nini, huuliza ni cha kumfunga nani.

Waridi alikuwa na miaka kumi na miwili walipokuja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo Mabruka hakumwambia mtu kwa miaka minane: tangu waje, Waridi aliongeza inchi moja tu, labda mbili, kisha akasimama. Alikula, alicheza, alicheka, akakomaa uso na kifua, lakini urefu ulikataa. Mabruka alikuwa akimsimamisha kwenye mwimo wa mlango na kumpimia kwa alama ya mkaa, na alama ikawa moja tu, inazidi kuwa nyeusi. Na nje kila siku Shee na mkasi wake.

Alipoolewa, watu walimsifu kuwa bi harusi kama mwanasesere. Alipopata mimba, nesi wa kliniki alimsimamisha ukutani, akampima, akaandika kwa kalamu nyekundu: azalie hospitali.

"Kwa nini?" Mabruka aliuliza.

"Nyonga, mama. Ni mdogo. Amedumaa kidogo."

Neno lile alikwenda nalo nyumbani kama kijiti kilichoingia kiatuni. Alilijua. Ndilo alilokuwa akilisikia mezani pa mti. Mgeni mmoja wa Memsabu aliwahi kusema mti ule umedumaa, na Shee, ambaye hakuwa na desturi ya kuwabishia wageni, akamjibu: "Hapana. Haukudumaa. Umedumazwa. Ni mbali sana."

Mbali kiasi gani, Mabruka hakupata kujua.

*

Simu ililia saa sita. Mabruka alisikia mlio wake kutoka kwenye kwota, akakimbia kwenye nyasi na nywele zake wazi, akamkuta Virginia amesimama na mkonga sikioni, akisema "yes, yes, yes" kwa sauti inayozidi kupungua. Kisha akauweka.

"Wamesemaje?"

"Ilikuwa nesi. Anaongea Kizungu ya mbio. Amesema Waridi amepelekwa thieta."

"Wapi?"

"Thieta. Na wewe ukuje asubuhi."

"Thieta ni nini, Virginia?"

Virginia akafikiri. "Memsabu akisema anaenda thieta, huwa anavaa shanga na viatu ya juu. Ni kama sinema, lakini watu wenyewe."

"Sinema?" Mabruka akashika ukuta. "Mwanangu apelekwe sinema na uchungu?"

"Si hiyo. Wacha… Kuna ingine. Ya hospitali. Bibi ya ndugu yangu alipelekwa." Sauti ya Virginia ikawa ndogo. "Ni ile mahali ya kukata."

"Kukata nini?"

"Kukata mtu, Mama Waridi. Ndio mtoto atoke. Ama kama mtoto ametoka na kitu ikabaki. Sijui. Hakusema."

"Mtoto ametoka?"

"Hakusema."

"Waridi anazungumza? Ana fahamu?"

"Mimi nilisema yes tu. Angeuliza kama mimi ni ng'ombe, ningesema yes." Virginia akaanza kulia, na Mabruka, ambaye alikuwa na haki zaidi ya kulia, ikabidi amnyamazishe.

Walipiga namba ya hospitali. Ikalia mpaka ikakatika. Wakapiga tena. Teksi ya Westlands nayo haikujibu, na kwenda kwa miguu usiku ule, wanawake wawili, barabara yote hadi mjini, hata Virginia hakuthubutu kulitaja.

Mabruka alirudi chumbani, akatandika msala. Alisoma alichokijua, na alichokijua hakikuwa kingi. Akirudia aya, neno moja likimponyoka, alirudi mwanzo, akihofu kwamba dua yenye pengo haifiki. Kila akiinua kichwa aliona nje ya mlango ule uliokuwa wazi, kwenye mwanga mdogo wa taa ya jikoni, meza na kile kilichokuwa juu yake.

Alijaribu kujizuia. Wallahi alijaribu. Alijiambia kwamba mti ni mali ya mtu. Alijiambia kwamba Shee ndiye baba yake Waridi, na baba hawezi kumfunga mwanawe bila kujua. Halafu akajiuliza: bila kujua, kwa nini asiweze? Mshono wa mkeka ni fundo au si fundo? Bibi yake hakungoja kupata jibu.

Saa ya ukutani ya nyumba kubwa iligonga mara tatu. Saa tisa. Mabruka akatoka.

Waya ulikuwa wa baridi mno, ukauma vidole. Alitafuta ncha yake kwa kupapasa, akaipata chini ya majani, akaanza kuufungua kwa kuuzungusha kinyume, duru moja, duru ya pili. Kumbe mvua za masika zilikuwa zimelinenepesha tawi, waya umeanza kuzama ndani ya gome, na kila duru ilitoka na uchafu unaonata. Utomvu ukamjaa viganjani. Alifungua tawi la juu, likainuka kidogo. Akafungua la pili na la tatu. Alikuwa akisema "Waridi, Waridi," bila kujua kwamba anasema.

Kwenye tawi la chini waya ulikuwa mnene kuliko kote. Alivuta. Haukuja. Akashika shina kwa mkono mmoja, akavuta kwa mwingine.

Kach!

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya biskuti. Mkono wa kukaribisha ulining'inia kwa kipande cha gome.

Mabruka alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hakujua kama amefungua au amevunja, wala kama kuvunja ni namna ya kufungua. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, akainama akaendelea kuutoa waya kwenye tawi lililokwisha kuvunjika, mpaka wote ukatoka.

*

Asubuhi, alipofika hospitali na kapu lake, alimkuta Shee kwenye benchi la nje, koti limepandishwa hadi masikioni. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa usiku mmoja.

"Wamekwambia nini?" aliuliza yeye kwanza.

"Walipiga saa sita. Thieta."

"Mimi hawakuniambia neno. Nimekaa hapa hatua ishirini, hawakuniambia." Shee akamshika mkono amketishe. Akauachia, kisha akaushika tena, akaupeleka puani. "Mabruka. Mikono yako inanuka msonobari."

Angeweza kusema aliegemea meza. Aliyafikiria maneno yenyewe.

"Nimeufungua," alisema.

"Umefungua nini?"

"Mti. Waya wote. Saa tisa. Nilikuwa nimefungua kila kitu, ukabaki huo."

Mfagiaji alipita na ndoo, akafagia hadi mwisho wa veranda, akarudi.

"Umeufungua au umeukata?"

"Nimeufungua. Kwa mkono."

"Waya haufunguliwi. Unakatwa kwa koleo, kipande kipande. Ukizungusha…" Alikuwa akizungusha vidole vyake hewani, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Tawi la chini?"

Mabruka akainamisha kichwa.

"Lote?"

"Limebaki gome."

"Zaidi ya miaka minane, Mabruka. Lile tawi peke yake. Memsabu nitamwambia nini? Nitamwambia mke wangu alidhani mti umemfunga mtoto wake?"

"Mwambie. Mwambie hivyo hivyo. Ana watoto?"

"Hana."

"Basi hataelewa, na wewe pia huelewi, na mimi mwenyewe sielewi, Baba Waridi! Ungefanya nini? Wamesema anakatwa. Umemfunga mti miaka yote, mtoto ameacha kurefuka, nesi akasema amedumaa, neno lako lile lile. Ningekaa nikiutazama?"

"Neno langu?" Shee alimgeukia. "Tangu lini umekuwa na hili moyoni?"

"Tangu tulipokuja."

"Miaka minane? Miaka minane unanipikia na kunidhania hivyo?"

"Sikukudhania. Sikujua nidhani nini."

Hapo kidirisha kilicho kando ya ule mlango wa kijani kikafunguliwa. Akachungulia nesi kijana, beji yake imeandikwa Kanini, kofia bado haijakaa sawa kichwani.

"Watu wa Waridi Taib?"

Wakafika kidirishani wote wawili kwa pamoja, wakagongana mabega.

"Mtoto ni kijana. Ako sawa. Alizaliwa saa tatu."

"Alhamdulillahi," Shee akasema. "Na mamake?"

"Hapa imeandikwa alienda thieta. Daktari atatoka awaambie. Mimi nimeingia zamu sasa hivi, nasoma tu kitabu."

"Saa tatu gani, mwanangu?" Mabruka akang'ang'ania kingo za kidirisha. "Saa tatu ya jana usiku, au tatu ya Kizungu?"

Nesi akatazama kitabu. "Imeandikwa tatu, mama."

"Tatu ya kabla ya thieta, au tatu ya baada?"

"Imeandikwa tatu tu." Na kidirisha kikafungwa.

Wakabaki wakitazamana. Shee ndiye aliyeanza kuhesabu kwa vidole.

"Kama ni saa tatu yetu, basi alizaliwa wewe hujafika hata nyumbani. Waya wote ulikuwa juu ya mti, na mtoto akatoka. Mti wangu umeuvunja bure."

"Na kama ni ya Kizungu, ni saa tisa."

Shee akakunja vidole, akaanza kuhesabu upya.

"Saa tisa nilikuwa nimeushika waya mkononi," Mabruka akasema. "Saa ile ile."

"Ni daktari aliyemtoa saa tisa, kwa kisu."

"Sijasema si daktari."

"Unasema nini, basi?"

Alichotaka kusema hakikuwa na umbo. Alipokipata kilimtisha kuliko vyote vya usiku ule.

"Baba Waridi, kama mtoto alitoka saa tatu yetu, thieta walimpeleka Waridi kufanya nini? Mtoto ametoka. Saa sita wanamkata nini?"

Vidole vya Shee vikasimama.

"Na mbona amesema mtoto yuko sawa," Mabruka akaendelea, "na mwanangu hakumsema?"

Shee alitazama mlango. Alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Mabruka akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiomba saa iwe saa tisa. Haikuwa kwa ajili ya waya tena, wala ya kumshinda mumewe. Iwe saa tisa tu, iwe kisu kilikuwa cha kumtoa mtoto, si cha kumfuata mama baada ya mtoto. Na papo hapo hakujua kama mtu anaruhusiwa kuomba jambo lililokwisha kupita. Je, Mungu hulipokea, au hulirudisha kama barua iliyokosewa anwani?

Wakakaa. Jua lilifika kwenye ngazi ya kwanza, likapanda ya pili. Wanawake wengine walikuja na vikapu vyao, wakaketi, wakaulizana. Mmoja alimuuliza Mabruka amepata nini, akasema "kijana," na yule mama akampa mkono wa hongera. Mabruka akaupokea mkono ule kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwingine ashike kidogo.

Shee alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la mkewe.

"Gome likiwa zima upande mmoja," alisema polepole, akitazama mbele, "hufungwa kwa kitambaa chenye maji. Mara nyingine hushika. Mara nyingine halishiki."

Mabruka hakujua kama anazungumza juu ya mti.

Ndani ya jengo kitu cha magurudumu kilianza kuja, gurudumu moja likilia. Kilikuja, kikasimama, watu wakasemezana kwa Kiingereza, mtu akacheka. Mabruka akasimama. Hakuna anayecheka mbele ya maiti, alijiambia. Kisha akakumbuka kwamba hapa ni hospitali, na wafanyao kazi hapa labda hucheka mbele ya chochote.

Kitasa kikageuka. Mlango wa kijani ulifunguka nusu, ukakwama kwenye simiti, mtu akaupiga teke kutoka ndani, ukafunguka wote.

Kilikuwa kitanda cha kusukuma, na juu yake shuka hadi kidevuni, na juu ya shuka uso mdogo wa rangi ya majivu, macho yamefungwa. Mabruka alifika kabla ya miguu yake. Aliweka kiganja shavuni. Lilikuwa baridi. Akakiacha kiganja pale. Chini ya baridi ile, mbali, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya pili, kukawa na joto.

"Asiongeleshwe sana," nesi alisema. "Amechoka."

Midomo ya Waridi ikasogea. Mabruka akainama mpaka sikio likagusa pumzi.

"Mama," Waridi alisema, macho bado yamefumbwa, "nani huyo analia hivyo?"

"Ni babako," Mabruka akamjibu, na alipogeuka kumwonyesha, alimwona Shee amesimama nyuma yake, macho makavu, akimtazama yeye anavyolia.